Mlaji wa Amsi

Filomena Akonaay alikula ugali wa mtama, maharage, dagaa na mchicha uliokamuliwa limau, akala mpaka taya zikachoka, na chakula chote hicho hakikuwa chake. Kilikuwa cha msichana fulani aliyetoka kukimbia mlimani, ambaye wakati huo alikuwa amelala chali katika jengo la pili akisubiri kulishwa. Filomena hakuwahi kumwona. Alijua tu kwamba damu zao zinapatana, na kwamba msichana ana njaa.

"Malizia, mama," sauti ya Daktari Mkunde ilisema kwenye kipaza sauti cha ukutani. "Misuli yake iko wazi sasa hivi. Tukichelewa tutakuta imeshafunga mlango."

"Namalizia."

"Na usiniambie tena habari ya chai. Chai na madini ya chuma havikai pamoja. Utakunywa jioni."

Filomena alitazama mrija uliotoka kwenye mkono wake wa kushoto ukaingia ndani ya chujio, mtambo mdogo uliokuwa ukikoroma pembeni ya kiti chake mithili ya mzee aliyeshiba. Ujanja wote wa Kambi ya Gidamar, iliyojengwa kwenye mteremko wa Mlima Hanang, ulikuwa humo. Mtu akishakimbia mbio ndefu, sukari ya akiba katika misuli yake huwa imekwisha na nyuzi zake zimechanikachanika. Kwa muda mfupi misuli hiyo huwa na uroho, hupokea chochote na kujijenga upya. Tatizo ni tumbo. Tumbo la mkimbiaji halina haraka, damu bado iko miguuni, chakula kikiingia hukaa tu kikimtia uzito, au hurudi kilikotoka. Ndipo wataalamu walipojiuliza ingekuwaje kama mtu mwingine angekula badala yake. Mlaji ale mapema, utumbo wake usage na kufyonza, kisha damu yake ipite kwenye chujio. Chembe za damu zirudi kwa mwenyewe, na maji ya damu, yakiwa na virutubisho vyote, yaende kwa mkimbiaji.

Waliwaza hivyo, wakajaribu, ikawa. Wakimbiaji wa Gidamar hawakula tena. Walikimbia alfajiri, wakakimbia alasiri, na kesho yake wakaamka wepesi utadhani jana walishinda kitandani. Nchi nzima ilizizima kwa furaha. Kitu pekee ambacho wataalamu hawakukitia kwenye hesabu zao ni adabu.

Filomena alikulia Mbulu, katika nyumba ambamo mtu hakwangui chungu. Lazima kibaki kidogo chini, kwa sababu daima kuna mtu hajafika. Hata hapa kambini, katika chumba chenye meza moja, kiti kimoja na dirisha la kupitishia sahani, mkono wake ulikataa kufika chini ya bakuli. Kila mlo alibakisha matonge mawili matatu, akayafunika na kisahani.

"Kuna upungufu," Daktari Mkunde alisema siku ile, akaja mwenyewe mpaka mlangoni. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Alikifunua kile kisahani. "Hiki nini?"

"Cha mwenzangu. Hajala."

"Mama Filomena! Mwenzako anakula ukila wewe!"

"Najua, daktari."

"Sasa?"

"Sasa siwezi kumaliza chakula chote na huku kuna mtu hajala."

Daktari alicheka bila kupenda. Kisha akamwomba amalize kila kitu kuanzia kesho, na Filomena akakubali. Alikubali kwa mdomo tu. Kesho yake mkono ulifanya mambo yake yaleyale.

* * *

Mlaji na mkimbiaji hawakuruhusiwa kukutana. Walisema ni kwa faida ya wote wawili, ili mlaji asiingiwe na wasiwasi na mkimbiaji asiingiwe na huruma. Filomena hakubisha. Alikuwa mjane, wanawe wawili wa kiume walikuwa wameoa mbali na walikuwa wepesi wa kusahau, naye alifika kambini akiamini kwamba kula ni kazi rahisi. Hakujua kwamba kula peke yako, mara tano kwa siku, ukiangalia ukuta, kunaweza kumtoa mtu machozi. Bibi yake alimsimulia kwamba hapo zamani nyumba iliyofikwa na mkosi mzito ilitengwa. Mtu alikula peke yake, chombo chake hakikuguswa na moto wake haukuombwa, mpaka muda wake upite. Filomena alipolikumbuka hilo aliona kuwa Gidamar wameirudisha adhabu ileile na kuiita sayansi.

Baada ya mlo wa mchana alichomoa mrija, akaenda kunawa, na aliporudi, kisahani kilikuwa kimefunuliwa na bakuli tupu. Siku ya kwanza alidhani mtumishi amelisafisha. Siku ya pili alidhani hivyo hivyo, ila akajiuliza mtumishi gani huyo anayelamba mchuzi. Siku ya tatu hakwenda kunawa. Alisimama nyuma ya mlango.

Ilikuwa saa ya mapumziko, wakati ambapo kambi nzima hulala kwa amri. Aliyeingia alikuwa msichana mrefu, mwembamba mpaka unamhurumia akikalia kiti kigumu, miguu yote misuli na mishipa. Alikaa, akafunua, akamega tonge dogo, akalitia kinywani. Hakulimeza. Alilitafuna polepole, amefumba macho, na shavu lake lilitetemeka.

"Chumvi imetosha?" Filomena aliuliza.

Msichana aliruka nusura aangushe meza. Alipoona ni mama mtu mzima, adabu ilimrudia haraka kuliko pumzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Naitwa Amsi." Akameza. "Samahani. Nimekula chakula chako."

"Mwanangu," Filomena alisema, "mimi ndiye ninayekula chakula chako."

Wakatazamana. Kisha wakacheka wote, Filomena akiwa ameshika mdomo ili wasisikike, na kicheko kile kilimuuma mbavu, maana kilikuwa kimekaa muda mrefu bila kutumika.

Amsi hakuwa ametafuna kitu kwa miaka mitatu. Aliugusa utaya wake akasema unamuuma, unauma vizuri. Akasema pia kwamba alimjua Filomena siku nyingi, hata kabla ya kumwona.

"Juzi ulikula pilipili."

"Nani kakwambia?"

"Masikio yaliniwaka moto nikiwa kitandani. Na Jumapili moja ulilia. Mimi si mtu wa kulia, mama, lakini nilijikuta natokwa na machozi, sijui nalia nini. Daktari akaniambia huwa inatokea, huzuni nayo ni kemikali, mara nyingine inapita kwenye chujio."

Jumapili ile ilikuwa siku ya misa ya kumkumbuka mume wa Filomena, misa ambayo hakuruhusiwa kuihudhuria. Alikuwa amelia peke yake, akiamini kwamba hakuna kiumbe anayejua. Sasa aliambiwa kwamba kulikuwa na mtu, katika jengo la pili, aliyelia naye. Alimpenda Amsi papo hapo, moja kwa moja, bila kujiuliza kama inafaa.

Tangu siku hiyo wakawa wanakula pamoja. Ilikuwa siri, na ilikuwa kidogo sana, matonge mawili leo, kesho matatu, kwa kuwa tumbo la Amsi lilikuwa limelala na lilikuwa likiamka kwa kunung'unika. Walizungumza kwa kunong'ona. Amsi alimwiga kocha anavyopuliza filimbi. Filomena alimwambia ana shingo ya twiga na akili ya kuku. Kwa Filomena muda ule mfupi ndio uliokuwa siku nzima, mengine yote yalikuwa kungojea.

* * *

Amsi ndiye aliyejisaliti. Alikuwa akisimulia jambo, huku mkono wake ukikanda mguu wa kushoto, chini ya goti, mahali pamoja tu, tena na tena.

"Unauma?"

"Ukiteremka mlima tu. Ukipanda hauumi."

"Umemwambia daktari?"

"Anajua," Amsi alisema, akabadili mazungumzo.

Filomena hakulala vizuri. Asubuhi alimwomba Daktari Mkunde aje chumbani, akamuuliza waziwazi mkimbiaji wake ana nini mguuni. Daktari hakuuliza amejuaje. Alikaa kwenye kile kiti kimoja, akayafikicha macho.

"Nitakueleza, kwa sababu unastahili kujua. Tumbo likipokea chakula hutuma ujumbe. Ujumbe mmoja unakwenda kichwani, unasema tumeshiba. Mwingine unakwenda kwenye mifupa, unasema acheni kujibomoa, riziki imefika. Ujumbe huo humfanya mtu awe mzito, apate usingizi, asitamani kukimbia. Kwa hiyo chujio linauondoa."

"Unaondolewa wote?"

"Wote. Anapata sukari, anapata protini, anapata chuma na kalsiamu. Misuli yake inajengeka kuliko ya mwanadamu yeyote. Lakini mifupa yake..."

"Mifupa yake haijui kama amekula," Filomena alisema.

"Haijui."

"Miaka mitatu."

"Ndiyo, mama."

"Basi kwa mifupa yake ni njaa. Miaka mitatu mimi nalisha, kumbe mtoto yuko kwenye njaa."

Daktari aliangalia sakafu. Alisema kuna ufa kwenye mfupa wa muundi, mwembamba kama unywele. Mchujo wa kuingia timu ya taifa ulikuwa wiki inayofuata. Amsi akilishwa kikamilifu, misuli huenda ikaubeba mguu mpaka mwisho wa mbio. Huenda pia mfupa ukakatika katikati ya njia, na ukikatika vibaya hatakimbia tena, labda hata kutembea kutamtesa.

"Mpumzisheni!"

"Amekataa. Ni mtu mzima, nimemweleza kila kitu, amechagua. Kocha naye anamtaka. Mimi ni daktari, si mzazi wake." Akainuka. Mlangoni akageuka. "Jambo jingine. Tumbo lake limeamka. Sijui anayemlisha ni nani na sitauliza. Lakini kuanzia leo bakuli lirudi tupu, mama. Nakuomba."

* * *

"Ndiyo, najua," Amsi alisema mchana ule. Hakugusa chakula. "Nilitaka usijue."

"Mwanangu, mguu ni mguu."

"Mama, nisikilize. Miaka mitatu sijakaa mezani na mtu. Harusi ya dada yangu sikwenda, ningekaa pale namna gani, watu wanakula mimi nawatazama? Baba alipougua alitamani anilishe tonge moja tu kwa mkono wake, nikamwambia hairuhusiwi. Akafa. Vyote hivyo nimeviacha kwa ajili ya siku moja, na siku yenyewe ni wiki ijayo. Unataka niiache nayo?"

"Ukivunjika?"

"Nitavunjika nikiwa mbele."

Alisema hivyo bila kujitapa, ametulia, na hapo Filomena alitambua kwamba hana neno la kumgeuza. Msichana hakuwa mjinga na hakuwa amedanganywa. Alikuwa ameupima mguu wake na ndoto yake, akachagua.

"Kuanzia leo sitakuja," Amsi aliendelea. "Tumbo langu lirudi kulala. Nawe ule vyote, mpaka chini. Nipe hii moja, mama. Kazi yako ni kula. Kula."

"Nimekusikia," Filomena alisema.

Amsi alimbusu mkono, akatoka. Hatua zake ukumbini hazikuwa sawa, moja nzito, moja ya kuazima.

Filomena alibaki na bakuli. Alijaribu kufikiri, na kila alipofikiri alifika mahali palepale. Akila, mtoto atakimbia. Asipokula, mtoto hatakimbia. Hakuna mlaji mwingine ambaye angeweza kuchukua nafasi yake, kwani kuzipatanisha damu mbili huchukua msimu mzima. Wangeweza kumtundikia Amsi dripu ya sukari, lakini sukari peke yake haishoni nyuzi zilizochanika. Kambi yote, pamoja na vipimo vyake na filimbi zake, ilikuwa imesimama juu ya mdomo wa mwanamke mmoja wa Mbulu.

Na alikuwa na haki gani? Hilo lilimtafuna zaidi. Amsi hakuwa wake. Amsi alikuwa ameomba kwa kinywa chake mwenyewe, akasema anachokitaka. Kumnyima kungekuwa kumfanya mtoto mchanga. Isitoshe, Filomena alijijua. Aliogopa kwamba nusu ya huruma yake ilikuwa uchoyo tu, kwamba alitaka msichana abaki mzima ili abaki naye, aendelee kuja kucheka kwenye kile chumba. Alijiuliza swali hilo mpaka likaisha makali. Kisha akaona kwamba akimnyima, kitu cha kwanza atakachokipoteza ni hicho hicho.

Alisukuma bakuli mbele.

"Mama, muda," kipaza sauti kilisema.

"Sili."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Sili leo, sili kesho. Mpaka mchujo upite nitakunywa maji."

Maishani mwake Filomena aliwahi kukosa chakula cha kumpa mtu, lakini hakuwahi kuwa nacho akamnyima. Alikuwa na mikono iliyozoea kupakua. Sasa mikono hiyo ilikaa mapajani, na chakula kikapoa, kikaletwa kingine, nacho kikapoa. Njaa ilimwanza mapema, kwa kuwa mwili wake ulikuwa umezoeshwa kula kwa ajili ya wawili. Chujio liliendelea kukoroma likikamua kilichokuwepo. Alijua kwamba njaa yake inavuka kwenye mrija, na huzuni yake nayo inavuka, na kwamba kule jengo la pili Amsi amelala akizisikia zote mbili, na ameshaelewa.

Daktari Mkunde alikuja, akabembeleza, akakasirika, mwishowe akakaa tu.

"Unajua utafukuzwa."

"Najua."

"Na yeye hutamwona tena."

"Hilo ndilo ninalolijua kuliko yote, daktari. Usinikumbushe."

Daktari alilivuta bakuli upande wake. Kisha akachukua kijiko, akala chakula kile kilichopoa yeye mwenyewe, mbele ya Filomena. Filomena hakujua kama ni hasira au ni namna ya kumuunga mkono.

* * *

Siku ya mchujo Amsi hakufika kwenye mstari. Katika mazoezi ya mwisho miguu ilimgomea, akaachwa nyuma na wasichana aliokuwa akiwazunguka, na kocha akamtoa kabla hajaharibu jina la kambi. Ndipo walipompiga picha mguu kwa mara nyingine. Ufa ulikuwa umefika katikati ya mfupa. Daktari Mkunde alisema, bila kumtazama mtu, kwamba kilomita chache tu zingetosha.

Filomena aliambiwa hayo wakati akifunga virago katika chumba chake cha kulala. Alikaa kitandani akashukuru Mungu, na shukrani yenyewe haikumpa raha yoyote.

Mlango ulisukumwa kwa gongo. Amsi alisimama pale, mguu wa kushoto umefungwa mpaka gotini, macho makavu, mekundu.

"Karibu, mwanangu. Kaa."

"Sikai." Alipumua. "Umeninyima chakula."

"Nimekunyima."

"Nilikuomba. Nilikuomba vizuri, nikakubusu mkono."

"Uliniomba vizuri."

"Mama yangu mzazi hakuwa na kitu. Kuna siku alichemsha maji matupu ili tusikie sufuria inachemka, tulale na matumaini. Lakini kilipokuwepo alitupa. Hakuna mtu aliyewahi kuwa nacho akaninyima, ila wewe."

Filomena alitaka kueleza habari ya mfupa, ya kilomita chache, ya maneno ya daktari. Akaona kwamba Amsi anayajua yote, na hayampunguzii.

"Nilikupenda kuliko mbio zako," alisema.

"Nani alikuomba?"

"Hakuna."

Nje wasichana wa timu ya pili walikuwa wakipasha misuli moto, wakihesabu kwa pamoja. Amsi aliwasikiliza mpaka midomo yake ikakazana.

"Wamenitoa kwenye chujio," alisema. "Daktari anasema mifupa haitaunga mpaka nile mwenyewe. Nianze na uji, kama mtoto. Itachukua miezi."

Filomena alijua ni upumbavu, lakini maneno yalimtoka kabla hajayazuia. "Twende Mbulu. Nina ulezi ndani, jirani yangu ana ng'ombe. Nitakupikia mepesi, asubuhi na jioni, hutafanya kazi yoyote, utakaa tu juani mpaka..."

"Nitakula," Amsi alimkatiza. "Nitakula kila kitu, na mfupa utaunga, na nitakimbia tena. Lakini si kwako. Mkononi mwako sitakula tena maisha yangu yote."

Filomena alishika ukingo wa kitanda. Alimtazama msichana, shingo ile, shavu lile lililokuwa limeanza kupata nyama kidogo, na akatikisa kichwa kukubali, mara moja, mara mbili.

"Kula kwa yeyote," alisema. "Kula tu, mwanangu."

Amsi alijigeuza juu ya magongo. Akatoka, kisha akaurudia mlango na kuufunga taratibu nyuma yake, kwa adabu, kama afanyavyo mtu akitoka nyumbani kwa watu asiowajua.